Siku Nilipomfunika Baba kwa Tepu

Jana baada ya kula ndizi na maharage nilipitiwa na usingizi pale pale mezani, kichwa kando ya ndege ya baba, na niliyoyaota nayasema kama yalivyokuwa.

Kwanza mjue hili. Baba yangu, mzee Laurian, alikuwa fundi wa ndege. Alipostaafu akageukia ndege ndogo za plastiki, zile za kukaa kiganjani, anazipaka rangi kwa mkono. Alinifundisha na mimi: pale usipotaka rangi ifike, bandika tepu ya karatasi. Kilichofunikwa hakiguswi. Lakini juzi mkono wake ulitetemeka mpaka mstari mwekundu ukapinda, akaweka brashi chini. "Gene, hii nimalizie wewe," akasema. "Mimi basi." Iliniuma, sitaficha.

Sasa, ndotoni, mtu anabisha hodi. Ni mpakaji, kavaa ovaroli safi, ana ndoo ya rangi nyeupe. Anauliza kama hapa ndipo kwa mzee Laurian. Anafungua daftari na kunisomea kazi aliyotumwa: nywele, nyusi, halafu mikono, ila mikono alishaianza. Namkaribisha kiti. Mgeni ni mgeni.

Huku nyuma nakimbilia tepu. Baba ana nywele nyeusi za enzi zake. Namfunika kuanzia utosini, kipande juu ya kipande, nakandamiza kingo kwa ukucha kama alivyonifundisha. Katulia tuli, ila ananikosoa: nyuma ya sikio nimeacha mwanya. Naongeza kipande hapo.

Nikigeuka, sebule imekuwa uwanja wa ndege wa Bukoba, na baba kasimama katikati ya njia ya kurukia, karatasi tupu tangu juu hadi chini. Mpakaji anamzunguka mara mbili, anakosa pa kupaka, anaaga na kwenda zake. Nafurahi peke yangu.

Ndege ya mezani inatua begani kwangu. "Huyu sasa atakulaje?" inauliza.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Namshika baba mkono, nashika karatasi. Namwita, anaitika kama mtu aliye chumba cha pili.

"Na mimi si wa kukaa sana," inasema tepu. "Nikichelewa kubanduliwa, naondoka na rangi ya chini."

Rangi ya chini ya baba ni baba mwenyewe.

"Bandua, mwanangu," anasema kutoka ndani. "Acha nipakwe. Hivi ulivyonifunika, hata wewe sikuoni."

Nabandua taratibu, nalia. Mpakaji amerudi, eti alisahau kofia. Anafanya kazi yake kwa mkono mwepesi, hata kola ya baba haichafui.

Nikaamka. Baba alikuwa amekaa mbele yangu, kichwa cheupe chote kama siku zote, anaitazama brashi bila kuigusa. Nikamwambia asiache, nitamshika kiwiko.

Akaichukua brashi. "Haya, shika," akasema. "Ila usinisukume."

Nikasimama nyuma yake, tukaupaka ule mstari sisi wawili, polepole, hadi mkiani. Haukunyooka sana, lakini ulikuwa wake. Ndipo nikaona, nyuma ya sikio lake, ukanda wa nywele nyeusi ti, upana wa tepu, kingo zimekatwa sawasawa. Nikaugusa kwa kidole. Ulikuwa bado unanata.