Nusu Chungwa, Nusu Bluu

Tuliomba sana mama mkwe ahamie kwetu. Tangu baba mkwe afariki, kila akija hukaa siku chache tu, begi lake mlangoni, zipu imefungwa, kisha anarudi kuishi peke yake. Safari hii tukasema tumpakie chumba rangi, labda atabaki.

Mume wangu akataka bluu iliyokoza. "Mama anapenda utulivu."

"Mjane umfungie gizani?" nikamwambia. "Mama anataka uchangamfu." Mimi nilitaka rangi ya chungwa. Kumuuliza mwenyewe, hakuna aliyekumbuka. Tulikuwa tunampenda mno.

Fundi rangi alipaka viraka viwili ukutani, kila kimoja kama sinia, akatuachia makopo na brashi. "Vitazameni vikikauka. Ijumaa mniambie."

Asubuhi yake kiraka cha bluu kilikuwa kimenenepa. Mume wangu akadai rangi hutanuka ikikauka. Mwongo mkubwa! Basi na changu kikatanuka. Akienda kuoga, napaka. Nikiingia jikoni, anapaka. Mezani tuliulizana habari za kazi kwa adabu zote, yeye ana bluu kwenye kiwiko, mimi chungwa kwenye nyusi.

Ijumaa fundi alikuta viraka vimekutana dirishani, chumba nusu kwa nusu, makopo matupu.

"Wagombanao ndio wapatanao," alisema, "lakini mimi mliniitia nini?"

Kabla hatujamjibu, mama mkwe akaingia na begi lake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nani kafanya hivi?"

"Yeye!" tulisema wote wawili, tukinyoosheana vidole.

"Mwanao mbishi, mama!"

"Mimi? Nani alipaka mpaka swichi ya taa?"

Hatukuwahi kugombana mbele yake. Mama alitutazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na kiganja chake kikatoka na rangi ya chungwa.

"Kila nikija mnaninong'onea kama mgonjwa," alisema, akifuta machozi. "Nikadhani hapa napo pamekufa. Mimi na baba yenu tulibishana maisha yetu yote. Kule nyumbani kinachoniua ni kimya."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akafungua zipu.

"Fundi, kalete nyeupe. Hizi zote mbaya."

"Nyeupe itachafuka, mama!" Maneno yalinitoka, nikaziba mdomo.

"Toa mkono mdomoni," alisema, akitoa nguo ya kwanza begini. "Nibishie vizuri."