Kwa Nini Ilizimika

Shemeji aliingia gereji akiisukuma pikipiki. Tairi zote mbili zilikuwa zimeisha upepo, zinaburuzika sakafuni kama ndala za mgonjwa.

Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki ya mwoka mikate, mteja ambaye hakukosa la kusema.

"Inakohoa," mwoka mikate alikuwa akilalamika. "Hasa asubuhi."

"Inakohoa unga," fundi akamjibu. "Nimetoa humu ndani unga wa kutosha kuoka maandazi ya harusi. Usiiegeshe tena karibu na tanuri."

Akainua macho kucheka, ndipo akamwona aliyesimama mlangoni. Kicheko kikamkauka mdomoni. Mwoka mikate, ambaye kwa kawaida haondoki mpaka afukuzwe, alitazama uso wa huyu na uso wa yule, akasema atapitia kesho, akatoka.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, na gereji aliirithi kwa baba yake. Mwanamume aliyekuwa mlangoni alikuwa mume wa dada yake mkubwa, dada aliyekuwa akimsuka nywele na kumfichia makosa kwa mama. Dada huyo alikuwa na pumu tangu utotoni. Siku moja ilimkaba kuliko siku zote, mumewe akampakia kwenye pikipiki hiyo hiyo kumkimbiza hospitali, pikipiki ikazimika njiani. Alibebwa mgongoni, kisha kwa lori, hadi hospitali, na hakurudi nyumbani. Msibani, mbele za watu, fundi alimjia juu shemeji yake: "Pikipiki unajua kuipenda, kuitunza hujui." Tangu siku hiyo walikuwa hawajasemezana, na miaka ilikuwa imepita, si haba.

"Shemeji," mwanamume akasema.

"Karibu."

"Sijaja uitengeneze. Nataka kujua ilizimika kwa nini. Hilo tu."

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ingawa kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Miaka yote hii ilikuwa wapi?"

"Chumba cha nyuma. Niliifunika turubai."

"Na leo kuna nini?"

Mwanamume akaitegemeza pikipiki kwenye stendi yake, akahakikisha imesimama, kisha akasema bila kumtazama, "Naoa. Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa watu. Na siwezi kumwingiza mtu mwingine nyumba ile wakati swali hili limekaa sebuleni."

Neno kali lilimfika fundi hadi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akavuta benchi kwa mguu, akamwonyesha akae.

"Nieleze. Vile ungenieleza kama ungekuwa mteja tu."

Akaeleza. Ilikuwa mchana. Dawa ya kuvuta ilikuwa haimsaidii tena, jirani mwenye gari alikuwa safarini. Pikipiki ilikuwa tayari, tangi limejaa hadi mdomoni, kwa kuwa kesho yake walikuwa waende kumwona mama. Mkewe alipanda nyuma akamshika kiuno. Walikwenda vizuri hadi baada ya tanuri za matofali, pale barabara inapoanza kupanda. Hapo ikaanza kuishiwa nguvu.

"Ilikata ghafla, au ilififia?"

"Ilififia. Ilivutavuta, ikakata, ikashika tena kidogo, ikazima."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga kiki mpaka mguu ukavimba. Nilifungua plagi ikaniunguza vidole. Ilikuwa kavu. Nikairudisha."

"Mafuta uliyaangalia?"

"Niliitikisa. Niliyasikia yakicheza ndani."

Mwanamume aliendelea mwenyewe. Alipungia magari mkono, hayakusimama. Mwishowe aliiacha pikipiki kando ya barabara, akambeba mkewe, na hadi lori moja lilipowaonea huruma, alikuwa haisikii tena ile filimbi ya pumzi yake sikioni.

"Kesho yake nilienda kuichukua," akasema. "Nikapiga kiki moja. Moja tu, shemeji. Ikawaka."

Fundi alianza kazi mchana huo huo. Alifungua kabureta mezani akiwa na hamu ambayo baadaye aliionea haya: alitaka kukuta uchafu. Kutu ndani ya tangi, kichujio kilichoziba, waya uliolika, kitu chochote cha kumwonyesha shemeji yake na kumwambia, unaona? Alikuta mafuta ya zamani yameganda kama gundi, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyolala, lakini chini ya gundi ile kila kitu kilikuwa safi. Kichujio cha koki ya mafuta kilikuwa kimeoshwa. Platini, zile za kukatia umeme wa plagi, zilikuwa zimesuguliwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Hata nyaya, zile nyaya kuukuu za kitambaa ambazo wengine huziacha zining'inie kama utumbo, zilikuwa zimefungwa utepe vizuri, mkunjo juu ya mkunjo. Mtoto mchanga hafungwi vizuri zaidi. Hasira aliyoibeba miaka yote ikawa haina pa kukaa.

Shemeji alikuwa akija kila alasiri akitoka kazini. Alikuwa seremala, na mabega yake yalikuwa na vumbi la mbao. Alikaa kwenye benchi, akishika taa au akipokea nati. Mwanzoni walisemezana ya kazi tu, nipe ile, shika hapa. Siku moja fundi akapitisha kitambaa juu ya tangi, vumbi likatoka, rangi ikatokea, nyekundu ya damu ya mzee, nzito, inayong'aa.

"Hii siyo rangi yake ya zamani," akasema. "Ilikuwa nyeusi."

"Tulibadilisha wiki chache kabla. Dada yako alisema imekaa kama jeneza." Akajisikia alichokisema. "Alichagua mwenyewe. Tulipaka uani. Mimi tangi na madigadi, yeye vile vidogo vidogo, kifuniko cha tangi, kava la taa, kisanduku cha spana. Alivipanga juu ya magazeti kama mtu anayeuza sokoni. Alijipaka mpaka puani. Nilimwambia harufu ile si nzuri kwa kifua chake, akaniambia nisimlee."

Fundi akacheka, na alipocheka machozi yakamlenga. Lile "usinilee" lilikuwa la dada yake kabisa.

Ili iwake, pikipiki ilichukua kiki nyingi na matusi machache ya fundi, lakini ilipokubali iliunguruma kwa sauti nene, tulivu, kama miaka ile. Waliiacha ikinguruma pale pale. Haikutetereka.

"Nimewauliza watu," shemeji akasema. "Wengi wanasema koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Kwamba ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Ndiyo maana kesho yake iliwaka."

"Inawezekana."

"Na kama ni koili, mtu hana la kufanya njiani?"

"Hana. Mpaka ipoe au ubadilishe."

Mwanamume akaitikia kwa kichwa polepole, na fundi akajua kwamba hilo ndilo jibu aliloliombea. Yeye pia aliliombea. Lakini koili hukata ghafla, haififii. Na plagi ilikuwa kavu, maana yake mafuta hayakuifikia.

Siku ya kuijaribu alilijaza tangi hadi mdomoni, kama lilivyokuwa siku ile. Shemeji alitaka kwenda naye, akamkatalia. "Mtu wa pili ananiharibia kusikia," akamwambia. Haikuwa kweli, ila hakutaka amwone pale mlimani.

Alipita maduka, akapita shule, akaingia barabara kuu. Tanuri za matofali zikaja, zikabaki nyuma. Barabara ikaanza kupanda. Na pale pale, kama mtu aliyeagizwa, pikipiki ikaanza kuvutavuta. Ikakata, ikashika, ikazima. Akaisukuma kando ya barabara.

Alifungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. Koili haikuwa na kosa. Akarudisha plagi. Kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko cha tangi.

Kifuniko cha tangi huwa na tundu dogo, dogo kama la sindano, ili hewa iingie kadiri mafuta yanavyotoka. Hewa isipoingia, mafuta hayateremki, hata yawe mengi kiasi gani. Ukilijaza tangi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ni kidogo, inamalizika upesi. Safari fupi za kwenda kazini na sokoni huwezi kuligundua hilo. Na ukiiacha usiku kucha, hewa hupenya kidogo kidogo penye mpira, na asubuhi inawaka kwa kiki moja.

Akainama. Pale palipopasa kuwa na tundu palikuwa na tone la rangi ya damu ya mzee, limekauka, laini, limepakwa kwa uangalifu.

Akakizungusha kifuniko. Tangi likavuta hewa kwa nguvu, muda mrefu, mpaka likatosheka. Fundi akakaa chini majanini, hapo hapo, akalia kama ambavyo hakulia msibani. Msibani alikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Alipoinuka alikirudisha kifuniko bila kukikaza, akapiga kiki, pikipiki ikawaka. Ikapanda mlima wote bila kusita. Hakugeuza pale juu. Aliendelea hadi lango la hospitali, akasimama kidogo na injini ikiwaka, kisha akarudi.

Njia nzima alitunga uongo. Nitamwambia ni koili. Nitamwambia ilikwisha ndani kwa ndani, hata baba asingeiweza. Aliupanga vizuri, akauongezea maneno ya ufundi. Alipozima injini mlangoni mwa gereji, shemeji alikuwa amesimama. Hakuwa amekaa muda wote huo.

"Umelia," akasema.

"Vumbi."

"Shemeji, usinifiche. Nimekaa na kutojua miaka yote, na kumenila vya kutosha."

Uongo wote ukamtoka kichwani. Akamweleza. Alimwonyesha kifuniko, akamwonyesha tundu lilipokuwa, lakini hakutaja rangi imefikaje pale. Alisema tu, "Liliziba."

"Ningefanya nini?"

"Ungefungua kifuniko."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ungepiga kiki."

Mwanamume akakipokea kifuniko. Akakizungusha hewani, mara moja, kana kwamba anajifunza. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya tone lile, na fundi akaona usoni mwake kwamba ameelewa.

"Hiki alikipaka yeye," akasema.

Fundi akalivuta benchi kwa mguu hadi karibu naye.

"Alinionyesha. Aliniambia, tazama, hakuna hata alama ya brashi." Akakaa kwenye benchi, akainama hadi paji la uso likagusa magoti, na mabega yale ya seremala yakaanza kutikisika. Fundi akakaa kando yake. Hakujua aweke wapi mikono, akaishia kuuweka mmoja mgongoni kwake, na grisi ikaacha alama kwenye shati.

Baadaye, gereji ilipoanza kuwa na giza, mwanamume akauliza, "Ulifika hospitali?"

"Nilifika."

"Ni mbali kutoka pale?"

Hapo angeweza kumdanganya, na labda ingekuwa huruma.

"Si mbali."

Akaitikia kwa kichwa. "Mama asijue. La rangi."

"Hatajua." Fundi akavuta pumzi. "Na lile neno langu la msibani. Nimeifungua pikipiki hii yote. Hakuna mahali hukupatunza. Nisamehe."

"Ulisema kile nilichokuwa nikijisemea."

"Hata hivyo. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani, shemeji. Mimi mwenyewe ndiye bado."

Mwanamume hakuitaka tena pikipiki ile. Alimwambia fundi aiuze, kwa mtu wa mbali. Fundi alilizibua tundu kwa waya mwembamba, akaisafisha, na mwezi uliofuata akaja mtu anayekusanya pikipiki za zamani, akaisifia rangi, akaondoka nayo juu ya pikapu.

Harusi ilikuwa ndogo, watu wa nyumbani tu. Fundi alikwenda, amevaa gauni ambalo dada yake alimshonea na ambalo sasa lilimbana. Bibi harusi alikuwa mjane naye, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimfuata fundi pale alipokaa nyuma, akainama, akamshika mikono yote miwili.

"Nimesikia umemsaidia sana," akasema. "Analala sasa. Zamani hakuwa akilala. Ahsante, dada."

Neno lile lilimchoma mahali ambapo hakujua kwamba bado pana kidonda. Akaitika, "Karibu nyumbani," na alimaanisha.

Jioni alipita kwa mama. Mama alikuwa kitandani, amejifunika hadi kiunoni, redio ikisema chini chini.

"Kaoa mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri, mama."

"Anacheka?"

"Anacheka kidogo."

"Dada yako alikuwa anacheka sana," mama akasema. Akasikiliza redio, au hakusikiliza. "Basi ni vizuri. Alikuwa peke yake mno yule." Akageukia ukutani. Fundi akavua viatu, akapanda kitandani nyuma yake kama walivyokuwa wakifanya yeye na dada yake walipokuwa wadogo, akalala upande mmoja tu, upande wake, wa dada akauacha wazi.