Sufuria la Lita Kumi

Tangu mikono ya Verlin ianze kutetemeka, mkewe Marlys alijizoeza kutoitazama. Daktari alikwisha kuutaja ugonjwa kwa jina, na nyumbani kwao Sheboygan hakuna aliyelirudia. Kisha siku moja Verlin akaliangusha sufuria lake la kupikia bia gerejini, togwa la kimea lililokuwa likichemka likamwagika na kumbabua mguu, na sufuria likapasuka.

Kidonda kilipopona wakaenda kununua jingine kwa Lorna, anayeuza vyombo vya wapika bia wa majumbani. Verlin akayaendea moja kwa moja yale ya lita arobaini. Akaeleza, utadhani kuna aliyembishia, kwamba chombo sharti kiizidi bia unayoitaka, maana povu hupanda na mvuke hupunguza. Ukipika lita ishirini katika chombo cha lita ishirini utaishia kupiga deki. Tena wageni wanaokuja kwao kunywa kila Jumamosi si haba.

Lorna alikubali yote, kisha akauliza kwa upole, "Likijaa, mzee wangu, nani atalinyanyua?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Basi litie maji ulinyanyue hapa hapa," Marlys akasema.

Verlin akamtazama kama mtu aliyesalitiwa. Lorna akalijaza nusu. Verlin alilifikisha kiunoni, mikono ikaanza kucheza, maji yakamlowesha shati na viatu. Wanawake hawakusogea kumsaidia; walijua asingewasamehe. Akalitua.

"Nipe hilo la lita kumi," akasema. "La supu."

Marlys akalilipia, wakarudi nyumbani.

Bia ya kwanza ilitoka chupa chache tu. Jumamosi ikazunguka mara moja ikaisha. Harlan, kaka yake Marlys, akatania, "Shemeji, siku hizi unatupimia kwa kijiko?" Watu wakacheka, Verlin naye akacheka. Juma lililofuata alimwambia Marlys asimwalike mtu.

Majani yalipoanza kupukutika, hata lile dogo likamshinda. Marlys akataka kumbebea.

"Ukibeba wewe, bia si yangu tena."

"Basi nifundishe, iwe yangu."

Verlin alivuta kiti karibu na jiko. Akawa anamwelekeza: punguza moto, koroga, sasa tia hopsi. Maua hayo yatiayo bia uchungu Marlys aliyatia mengi kupita kiasi. Verlin aliona, akanyamaza.

Alifariki bia ikiwa bado inachachuka.

Baada ya mazishi Marlys aliwaita wale wa Jumamosi, akawamiminia bia hiyo. Harlan alionja, akakunja uso.

"Chungu, dada."

"Najua," Marlys akasema, akamwongezea.

Wakainywa taratibu, wakimzungumza Verlin, mpaka chupa zikaisha. Walipoondoka aliosha glasi zote, akazima taa ya gereji, akabaki amesimama mlangoni, hajui aingie ndani kufanya nini.