Kiti cha Kurwa

Mwalimu wa kompyuta alinivuta pembeni. "Doto mwanangu, leo kaa kwenye kiti cha nduguyo. Mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Wale watoto wa shule rafiki ni wadogo, tusiwashtue na habari za msiba. Soma tu vipimo vya mvua."

Nikasema sawa. Tangu tumzike pacha wangu kila kitu nasema sawa. Watu walikuja nyumbani wakatuambia kazi ya Mungu haina makosa, nikasema sawa. Jina lake halitajwi tena kwetu. Ukilitaja, baba anatoka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Mimi hata kulia sijalia. Nimekauka tu.

Basi nikakaa. Kila wiki darasa letu hukutana kwenye skrini na darasa la nchi nyingine, wanaongea Kiswahili kama sisi, lafudhi tu ndiyo mbali. Wakatokea, wamebanana mbele ya kamera, yule tunayemwita Miwani akiwa katikati. Huyo ndiye aliyekuwa akipima mvua pamoja na Kurwa, yeye ya kwao, Kurwa ya kwetu. Binti mdogo, anaongea kama chiriku.

"Kurwa, hujambo? Kwenu imenyesha?"

"Sijambo. Imenyesha kidogo."

Nikasoma vipimo. Mwalimu ametulia zake nyuma ya kompyuta. Lakini Miwani hakuandika kitu, alikuwa ananikodolea macho.

"Mbona leo hujazima taa?"

Wenzangu wakainamisha vichwa. Kurwa alikuwa na mchezo wake: kabla ya salamu anaziba kamera kwa kiganja, kule giza, kisha anaondoa mkono akisema, "Kumekucha." Upuuzi uleule kila wiki, na kila wiki walicheka.

"Nimesahau," nikasema.

"Kurwa hawezi kusahau. Yuko wapi?"

Siku zote hizo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamtazama mwalimu, naye akanikataza kwa kidole. Nikaziba kamera kwa kiganja. Kule wakaanza kucheka, wakisubiri kukuche. Hapo ndipo machozi yalipokuja yote kwa pamoja.

"Miwani," nikasema, "mimi ni Doto. Kurwa amefariki."

Kicheko kikakatika. Nikasikia kiti kikiburuzwa, na mtu akivuta kamasi.

"Usiondoe mkono kwanza," akasema Miwani.