Zamu ya Vaileth

Mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo hapa Boko, na nakiri kwamba nilichakachua ratiba ya sala. Jumamosi ile tulipaswa kusali nyumbani kwa mzee Kamugisha. Nikafuta jina lake, nikaandika la jirani yangu Vaileth.

Kwa miezi miwili nilikuwa nikimsikia Clara, mtoto wa kaka yake anayeishi naye, akilia stoo. Ana miaka minane. Nilipouliza, Vaileth alinijibu kutoka upande wake wa ukuta, "Dada Avelina, ya kwangu yanakuhusu nini?" Nikanywea. Kunywea kule kunaniudhi mpaka leo.

Vaileth anapenda sifa. Kusikia zamu ni yake, akanunua mapazia mapya na kukaanga maandazi ya kulisha kata nzima. Nikamwambia kwa upole, ule upole ambao mume wangu anaujua na kuuogopa, "Usisahau, mtoto wa nyumba ndiye husoma somo." Utaratibu huo niliutunga palepale, nimesimama getini kwake.

Nikamwalika pia Felicitas, afisa ustawi wa jamii wa kata. Akaja na kanga na rozari, akakaa karibu na maandazi.

Saa kumi na mbili asubuhi tukajaa sebuleni. Clara alitoka amevaa sweta la mikono mirefu, na joto lote lile. Alisoma bila kukosea hata neno. Alipomaliza, macho yakaenda kwenye maandazi na hayakurudi.

Zikafika nia, ambapo mtu hutaja ombi lake na wengine huitikia. Mzee Kamugisha akaombea goti lake, kama kila wiki. Kisha Clara akasema, kwa sauti ileile ya kusomea:

"Namwombea shangazi asinifungie tena stoo bila kula. Na asinichape na waya. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie!" tukaitikia wote kwa mazoea, na sauti ya Vaileth ilikuwa juu kuliko zote.

Ndipo akajua alichoitikia.

Felicitas akachuchumaa mbele ya mtoto. "Tumekusikia, mwanangu. Stoo hutarudi tena. Twende, tutaanzia hospitali."

"Avelina!" Vaileth akanigeukia. "Umenifanyia nini wewe?"

Nilikuwa namfungashia Clara maandazi, sinia zima, huku nalia kama mjinga kwa ajili ya ile miezi miwili.