Safari ya Kufuata Ng'onda

Wivu ninao, sikatai. Mtu anayekwenda kununua ng'onda anapiga pasi shati, anajipulizia marashi mpaka shingoni? Kila mwezi mume wangu Khalidi anatoka hapa Masasi kwenda Msangamkuu kufuata hao samaki wakavu, na kila mwezi anarudi anapiga mluzi. Safari hii nikamwambia tunakwenda wote. Akasema kivuko kinayumba, nitatapika. Nikamwambia nitatapika hukohuko.

Basi likaacha vilima vya mawe, likapanda Newala. Kule juu Khalidi akanionyesha bonde la Ruvuma, ukungu umelala juu ya mto. "Tazama, Somoe, palivyo pazuri."

Ni pazuri kweli, na hicho ndicho kilichoniuma. Uzuri wote ule ameufaidi bila mimi, au ameufaidi na mwingine. Mikorosho ilikuwa imechanua, mimi nanusa marashi yake tu. Kila mwanamke aliyepanda nilimkagua kuanzia kilemba mpaka kandambili. Hata bibi mmoja wa Mkunya, jogoo kwapani, nilimtilia shaka.

Mtwara tukaingia kwenye kivuko. Maji yametulia, minazi ya ng'ambo inasogea, Khalidi anajinyoosha kola. Mkata tiketi akampa mkono. "Karibu, Baba Faidha. Mama Faidha alikuulizia jana."

Mimi na Khalidi hatujajaaliwa mtoto. Masasi nzima wanamwita Khalidi, kavukavu, kama mimi wanavyoniita Somoe. Na kwetu mtu haitwi baba fulani kwa kubahatisha.

"Faidha ni nani?" nikamuuliza.

Akatazama maji. "Nilitaka kukwambia."

"Lini? Samaki wakiisha baharini?"

Kivuko kikagusa ufuko. Pale alisimama mwanamke kajitanda kanga, mdogo kwangu, tena mzuri, Mungu anisamehe. Hakusogea. Kilichosogea ni kitoto cha kike. Kikakwepa mikono ya baba yake, kikasimama mbele yangu.

"Baba, huyu ndiye mama mkubwa wa Masasi?"

Khalidi akaitikia kwa kichwa. Mtoto akanishika mkono. "Shikamoo, mama mkubwa."

Kumbe huku nilikuwa na jina, na wote walikuwa wanalijua isipokuwa mimi. "Marahaba," nikasema. Mkono wake sikuuachia. Yule mtoto nilishindwa kumchukia. Fungu lake nikamwongezea baba yake.