Honi ya Learco

Kabla ya kulinunua gari la marehemu Learco Ronchi, Ivano Tedaldi alilikagua kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukagua kiwanja chochote. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, pale Marradi, nchini Italia, na katika mabonde ya jirani, na hakuzoea kuamini kitu kabla hajakipima. Alipima nafasi kati ya milango na bodi, akagongagonga bati kwa kidole kusikiliza palipozibwa, akalala chali chini ya gari kutafuta kutu. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, lililotengenezwa Milano mwaka 1967, jekundu la kukolea kama mvinyo, lenye usukani wa mbao na kabureta mbili. Lilikuwa bado na namba zake za kwanza, zile nyeusi, ambazo wapenzi wa magari ya aina hiyo huzitamani kuliko hata injini. Muuzaji alisema marehemu alikuwa mwalimu wa shule, hakuwahi kuoa, na alifia kitandani kwa ugonjwa wa ini. Ivano aliuliza mara mbili kama gari limewahi kupata ajali. Halikuwahi.

Mkewe, Ornella, hakugomba. Yeye alikuwa mfamasia, mtu wa maneno machache, na maneno aliyoyasema aliyapima kama dawa. Kwa miaka mingi Jumapili za Ivano zilikwenda kwenye mashindano ya baiskeli, kisha zikaenda kwenye uwindaji, na mwanamke akala chakula cha Jumapili akiitazama sahani ya pili ikipoa. Mara moja alifungasha akaenda kukaa kwa dada yake mjini Ravenna, na Ivano alimfuata kumbembeleza majira yote ya baridi hadi akarudi.

"Gari nimelikubali," alisema sasa. "Lakini saa saba mchana uwe mezani. Nikila peke yangu tena nakwenda Ravenna, na safari hii usijisumbue kunifuata."

Ivano aliona sharti hilo ni la haki. Katika nyumba za huko, tambi hazitumbukizwi majini mpaka anayezila awe njiani, kwa sababu tambi zikingoja huharibika. Kwa hiyo kila nyumba ina namna yake ya kupeleka habari. Walikubaliana kwamba Jumapili akitoka kilimani atasimama kwenye baa ya kijiji cha Crespino, apige simu aseme "natoka," na Ornella atatumbukiza.

Jumapili ya kwanza ilikuwa katikati ya Septemba, siku ya joto. Ivano alipanda hadi Colla, kilele cha barabara ya mlimani, akanywa kahawa na wenzake wenye magari ya zamani, akawaacha wafungue boneti na kusifu. Wakati wa kurudi alifurahi kuliko alivyotarajia. Gari lilishika barabara vizuri, na kila alipokanyaga mafuta kwenye kutoka kona, injini iliitikia kama iliyokuwa ikingoja kuulizwa. Chini ya msitu wa michesnati, miti izaayo njugu kubwa za kahawia, ipo kona isiyoonyesha mbele, iliyojengewa ukuta wa mawe, na kila dereva hupiga honi pale. Ivano akapiga. Akagundua baada ya kupiga kwamba alikuwa amepiga mbili fupi na moja ndefu. Kwenye gari lake la siku zote alizoea kupiga moja tu.

Chini kidogo ya kona, mbele ya nyumba ya mawe iliyokuwa peke yake kando ya barabara, injini ikazima.

Alijua kwa nini. Katika joto kali petroli huchemka ndani ya bomba lake, na dawa yake ni kusubiri. Alikuwa ameshafungua boneti aliposikia mlango ukifunguliwa. Mwanamke mzee, amevaa aproni, alisimama kizingitini. Hakulitazama gari. Alisema tambi zimeshaiva, aingie.

Huyo alikuwa Argia, mama yake Learco. Ndani meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wawili, na kwenye sahani mlikuwa na tambi pana alizozisukuma kwa mkono, zikifuka mvuke, na mchuzi wa nyama juu yake. Ivano alijaribu kueleza kwa upole kwamba yeye ni mtu mwingine, kwamba gari alilinunua. Mzee alimwacha amalize.

"Kijana, usinihurumie," alisema. "Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii na suti ya bluu nilimvalisha mimi. Najua aliko. Lakini kila Jumapili akifika kwenye ukuta alinipigia honi, nami nikatumbukiza, akiegesha zinakuwa tayari. Maji bado nachemsha, ni mazoea. Leo honi imelia. Ulitaka nifanyeje?"

Kukataa sahani iliyokwisha pakuliwa ni jambo ambalo Ivano hakufundishwa. Alionyeshwa kiti kinachotazama dirisha, na dirisha lilitazama barabara. Argia alimmiminia maji kwanza, kisha mvinyo. Jibini haikuwapo mezani. Learco, alisema, hakuila tangu utotoni. Ivano alikula. Zilikuwa tambi nzuri sana, zilizoiva pale pale zilipopaswa kuiva. Alipotoka, gari liliwaka kwa jaribio la kwanza, kama alivyotarajia, kwa kuwa bomba lilikuwa limepoa.

Alifika nyumbani alasiri, na hata simu ya Crespino hakuwa amepiga. Ornella alikuwa ameshaosha vyombo. Alimuuliza kama gari hilo liliuzwa pamoja na mke wa kumpikia, au huyo bado anatafutwa. Ivano alieleza yote, na alipokuwa akieleza alisikia jinsi maelezo yenyewe yanavyofanana na uongo.

Jumapili iliyofuata hewa ilikuwa ya baridi, na ukungu ulikuwa haujatoka msituni. Ivano aliazimia kutopiga honi. Alifika kwenye ukuta polepole, mikono miwili kwenye mbao za usukani, vidole vikiwa mbali na kitufe. Alipoukata usukani kulia, honi ililia yenyewe. Mbili fupi, moja ndefu. Mbele ya nyumba injini ikazima, na siku hiyo hakukuwa na joto la kusingizia. Argia alikuwa mlangoni tayari.

Alikula haraka, na kwa aibu. Njiani alisimama Crespino, akapiga simu, simu ikaita hadi ikakatika. Nyumbani alimkuta Ornella ameketi. Sanduku la safari lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati na kusimamishwa ukumbini. Ivano alilinyanyua kidogo.

"Bado tupu," Ornella alisema.

Jumatatu alilipeleka gari kwa Duilio, fundi umeme wa magari, aliyekuwa akiwatania wateja wake wote bila kubagua. Duilio alifungua usukani, akachungulia, akacheka. Waya wa honi ulikuwa umelika ganda mahali unapopita kwenye shina la usukani. Ukikata kulia sana, shaba inagusa chuma, na honi inalia.

"Mwalimu huyu aliibonyeza mpaka waya ukachoka," alisema. "Gari lako halina shetani, bwana mpima, lina mazoea. Baba yangu alikuwa na punda aliyesimama kwenye kila baa hata siku baba akiwa mgonjwa nyumbani."

Aliweka waya mpya. Alibadilisha pia mpira wa pampu ya petroli, ambao ulikuwa umepasuka, na hilo lilieleza kuzimazima. Ivano alirudi nyumbani amechangamka. Kila kitu kilikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa na kipuri chake. Alimweleza Ornella habari ya waya, na Ornella akasikiliza, lakini sanduku halikurudi juu ya kabati.

Jumapili ya tatu honi ililia kwenye ukuta kama kawaida.

Injini haikuzima. Ivano angeweza kupita. Alisimama kwa hiari yake, akaacha gari likinguruma, akaingia kwa Argia bila kuvua kofia. Sahani zilikuwa mezani. Alisema hatakula. Alisema ana mke, na mke wake anamngoja, na akikosa kufika atampoteza. Akasema kesho ataing'oa honi yote, waya na kila kitu, na anaomba radhi, kwa sababu anajua maana yake kwa mama kama yeye.

Argia alifuta mikono yake kwenye aproni. Hakuonekana kuumia. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba zamu yake imekwisha.

"Ing'oe, mwanangu," alisema. "Nami nipumzike, nimechoka kusukuma unga. Lakini umefikiria Learco atakula wapi?"

Ivano aliona ni swali lisilohitaji jibu, akarudi garini. Alifika nyumbani muda mfupi baada ya saa saba. Ornella alikuwa ndiyo kwanza anashika kijiko, na walikula pamoja, tambi zimelainika kidogo.

Honi aliing'oa mwenyewe. Alifungua skrubu, akakata waya na kuziba ncha zake kwa utepe, akaifunga honi kwenye gazeti na kuiweka kwenye rafu ya gereji, chini ya nyumba. Siku iliyofuata aliketi ndani ya gari akabonyeza kitufe mara kadhaa. Kilibonyea kama kitu kilichokufa. Aliridhika.

Jumapili ya nne watu walikuwa msituni wakiokota chesnati. Ivano alishuka kutoka Colla akifungua dirisha kwenye kila kona ili asikie magari yanayopanda, kwa kuwa sasa hakuwa na namna ya kuwaonya. Kwenye ukuta alikata usukani kulia hadi mwisho wake, makusudi. Kimya. Alisikia matairi tu, na chesnati zilizopasuka chini yake. Nyumba ya Argia ilikuwa imefungwa madirisha yote, na bomba la moshi halikutoa moshi. Aliangalia hayo mawili kama anavyoangalia alama za mpaka, akapita. Injini haikukohoa hata kidogo. Alijisikia mwepesi kiasi kwamba alipita na Crespino pia, na alipokumbuka simu alikuwa tayari ameliona paa la nyumba yake. Haikuwa kitu. Alikuwa amewahi. Ornella atatumbukiza akimwona, nao watangoja pamoja.

Alipofungua mlango alisikia maji yakimwagwa. Ornella alikuwa kwenye sinki, uso ndani ya mvuke, akichuja tambi.

"Umetumbukiza bila simu yangu?" Ivano alimuuliza.

"Simu ya nini, na honi nimeisikia?" Ornella alijibu bila kugeuka. "Pale kona ya kanisa. Mbili fupi, moja ndefu. Ungenifundisha hilo tangu mwanzo tusingegombana."

Ivano alisema amesahau pochi ndani ya gari. Alishuka ngazi hadi gereji. Gari lilikuwa likitoa vile vimlio vidogo vya chuma kinachopoa. Gazeti lilikuwa kwenye rafu, limefungwa kama alivyolifunga, kamba kwenye fundo lile lile. Alilifungua. Aliweka kiganja juu ya honi, akakiondoa, akakiweka tena ili awe na hakika. Ilikuwa na joto, joto la kitu kilichotoka kufanya kazi. Aliangalia dirisha la gereji, ambalo linatazama kaskazini. Jua halikuwahi kuifikia rafu hiyo. Alizikagua ncha za waya garini. Utepe ulikuwa mahali pake.

Aliifunga tena honi, akapanda juu.

Ukumbini sanduku halikuwapo. Ornella alikuwa amelirudisha juu ya kabati. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha sikukuu. Kwa miaka yote ya ndoa yao Ivano alikaa na mgongo wake dirishani, kwa sababu mwanga ulimsumbua macho. Sasa sahani yake ilikuwa upande wa pili, mbele ya kiti kinachotazama dirisha na barabara. Alisimama nyuma ya kiti hicho, ameshika egemeo lake.

"Jibini iko wapi?" aliuliza.

Ornella alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Jibini? Tangu lini?"

Alikuwa ameila miaka yote, kwenye meza hiyo, mbele ya mwanamke huyo. Alitaka kusema hivyo. Lakini aliona kwamba Ornella alikuwa akitabasamu, tabasamu ambalo hakuwa ameliona tangu kabla ya Ravenna, na kwamba kila alichokuwa akikiomba kilikuwa kimetimia: gari lilikuwa chini, mke alikuwa juu, na saa ya ukutani ilikuwa haijafika saa saba. Akaketi. Kiti kilimpokea kama kilichokwisha kumzoea. Ornella alichukua jagi na kumjazia bilauri, maji kwanza, kisha akashika chupa ya mvinyo.

Tambi zilikuwa zimeiva pale pale zilipopaswa kuiva. Ivano alishika uma na kungoja. Alitaka, kabla hajatia tonge la kwanza mdomoni, amsikie mkewe akimwita kwa jina lake, hata kwa kumkemea.

"Kula," Ornella alisema kwa upole. "Umetoka mbali."